Shajara ya mradi: kupanga bodi za taa za dagaa kwenye paneli (Tanga)

Jumamosi, 1 Februari 2025

Naanza kuandika hii kwa sababu nilipotafuta mtu aliyeandika habari za paneli za bodi kwa Kiswahili sikumpata, na ukisema "paneli" hapa Tanga kila mtu anajua unaongelea sola. Sio sola. Naongelea kuziunganisha bodi ndogo ndogo za saketi ziwe kipande kimoja kikubwa, kiwanda kitengeneze kwa mkupuo, uchomelee kwa mkupuo, halafu ndio uzivunje moja moja.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna kijibodi natengeneza cha kukata umeme betri ya volti 12 ikishuka sana, wanafunga kwenye taa za LED za wavuvi wa dagaa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi wengi wana LED na betri ya gari, na betri ikinyonywa mpaka mwisho inakufa mapema, ndio maana ya kijibodi. Bodi ni milimita 22 kwa 45. Mpaka sasa nimekuwa naagiza moja moja na kuchomelea moja moja, bodi 20 zinanila usiku mbili na shingo inakakamaa. Sasa kuna fundi wa taa kule Sahare ameniambia mdogo wangu nataka mia, na nataka kabla masika haijaisha. Mia kwa mtindo wangu ule ni kuumwa mgongo bure.

Hesabu ya haraka: viwanda vingi vya China bei ya chini kabisa ni kwa kipande kisichozidi milimita 100 kwa 100. Bodi nne kwa upana ni 88, mistari miwili kwa urefu ni 90. Naongeza reli mbili za milimita 5 kulia na kushoto (ni vipande vitupu vya kushikia, baadaye unatupa), jumla 98 kwa 90. Bodi 8 kwa paneli. Nimejiona mjanja hapo.

Alhamisi, 6 Februari

Oda ya kwanza imeenda. Nilivyofanya, ili mjue pa kunicheka: nimefungua KiCad (programu ya kuchorea bodi), nikachukua bodi, kopi, pesti, kopi, pesti mara nane, nikachora mistari ya kukatia kwenye leya (tabaka la mchoro) ya maandishi meupe, nikatoa faili za Gerber (ndizo kiwanda kinazisoma) na za matundu nikatuma. Ile programu ya kukagua makosa ilinitolea makosa mamia kwa sababu inaona waya wa GND (upande wa hasi) wa bodi hii haujaungana na wa bodi ile, nikaipuuza yote. Usiipuuze. Ndani ya hayo mamia kulikuwa na makosa mawili ya kweli, nimekuja kuyaona leo usiku faili zimeshaondoka, bahati nzuri hayaui.

Gharama: paneli 5 ni shilingi 13,000, usafiri 47,000. Ndio, usafiri ni zaidi ya mara tatu ya mzigo.

Jumatano, 26 Februari

Mzigo umefika Dar, binamu kaupakia kwenye basi, nikaufuata stendi ya Kange, 5,000 nyingine. Nafungua bahasha pale pale stendi, na moyo ukashuka.

Hazijakatwa. Mistari yangu ipo, imechapwa vizuri sana, mieupe, imenyooka, ni michoro tu juu ya bodi. Hakuna mfereji. Nina mabamba matano magumu kama vigae.

Kosa ni langu asilimia mia. Kwenye fomu ya oda kuna sehemu wanauliza hii ni bodi moja au ni paneli aliyoipanga mteja mwenyewe, nikaacha ilivyo, bodi moja. Kwao wao ile mistari ni urembo. Ninachokitaka mimi ni V-kati: mashine inapita na blade inachimba mfereji wa umbo la V juu na chini ya bodi kwa mstari mmoja, katikati inabaki kama theluthi ya unene, kwenye bodi ya milimita 1.6 inabaki kama nusu milimita hivi, ndio unaikunja inavunjika. Hiyo lazima uitamke kwenye fomu, uweke mistari kwenye leya yake, na uandike kwa maneno kabisa kwamba mistari ya leya fulani ni V-kati.

Jumapili, 2 Machi

Nimejaribu kuokoa. Msumeno wa chuma, bamba moja, uwanjani nyuma. Mambo mawili nimejifunza kabla ya adhuhuri.

La kwanza, FR4 (ndiyo bodi inatengenezwa nayo) ni nyuzi za kioo na gundi ngumu, vumbi lake linawasha ngozi na halifai kabisa kuvutwa. Nilivaa barakoa nikamwagia maji kidogo wakati nakata, hata hivyo bi mkubwa alitoka akakuta kamba ya nguo iko upande upepo unakoelekea, nikaambiwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Nimefua upya shuka tatu.

La pili, blade ya msumeno inakula karibu milimita nzima, na mimi bodi nimezigandisha bila nafasi hata kidogo, kwa hiyo kila nikikata nakula bodi ya mtu. Kati ya nane zimepona tatu. Mabamba manne yaliyobaki nimeyaacha, roho ilikataa kuyatupa.

Lakini hasara hii imenifunulia kitu. Kabla ya kukata niliweka zile kiunganishi za skrubu (zile za kijani za kufungia waya) juu ya bamba kuona zinavyokaa, na za mstari wa chini hazikai! Kiunganishi kinatokeza nje ya ukingo wa bodi milimita moja na nusu ili waya uingie vizuri, sasa bodi zikiwa zimebanana, kinachotokeza kinaingia kwenye shamba la jirani. Kwenye kompyuta sikuona kwa sababu nilikuwa naangalia mistari ya bodi, siangalii vitu vitakavyokaa juu yake. Dawa ni kugeuza mstari wa chini kichwa chini miguu juu, viunganishi vya juu vitazame juu, vya chini vitazame chini, vyote vinatokeza hewani ambako hakuna reli. Ndio maana reli ziko kulia na kushoto.

Jumatano, 5 Machi

Oda ya pili. Safari hii sijakopi kwa mkono. Kuna programu ya bure inaitwa KiKit, inakaa ndani ya KiCad au unaiamuru kwa maandishi, unaipa bodi moja yenyewe inatengeneza paneli. Amri yangu ni hii, mwenye kutaka aichukue:

kikit panelize --layout 'grid; rows: 2; cols: 4; space: 0mm; alternation: rows' --tabs full --cuts vcuts --framing 'railslr; width: 5mm; space: 0mm' bodi.kicad_pcb paneli.kicad_pcb

Hiyo alternation ndio inayogeuza mstari mmoja mmoja. Uzuri wake mkubwa sio kasi. Ukibadilisha kitu kwenye bodi mama unapiga amri tena, paneli mpya iko tayari, wakati kwa njia ya kopi ningerudia nane zote.

Kesho yake kiwanda kiliandika kuuliza: shaba yenu (njia za umeme za bodi) iko milimita 0.2 kutoka kwenye mstari wa V, turudishe ndani? Nikasema ndiyo, na kwenye bodi mama nimeweka 0.5. Blade ya V ina mdomo mpana, shaba ikiwa karibu inachanwa na kubaki imechungulia ukingoni, ikigusa kitu cha chuma unapata shoti.

Gharama: paneli 5 na V-kati 21,000, stensili ya chuma (bati lenye matundu ya kupakia uji wa risasi) ya paneli nzima 20,000, usafiri 58,000, basi 5,000. Jumla 104,000. Oda ya kwanza ilikuwa 65,000. Naandika kila kitu maana mali bila daftari huisha bila habari, na mimi nilikuwa tayari nadhani nimetumia laki moja tu.

Alhamisi, 27 Machi

Zimefika na zina mifereji. Nimepitisha kucha nikausikia, nimekaa nao kidogo pale Kange kama mjinga.

Kazi nimefanya usiku baada ya tarawehe mpaka karibu na daku, mchana kuna joto na nimefunga, mkono unatetemeka. Utaratibu: uji wa risasi unaupaka juu ya stensili, unasawazisha kwa kadi ya zamani ya benki, unainua stensili, unaweka vitu kwa kibano, unaweka paneli juu ya jiko la umeme lenye kipande cha aluminiamu. Uji wangu una bati 63 na risasi 37, unayeyuka nyuzi 183, ukifika hapo unaona unang'aa ghafla kama zebaki. Nimenunua kwenye sirinji ndogo ninayoimaliza, kwa sababu wanasema utunzwe kwenye friji na bi mkubwa amesema risasi haikai na maziwa yake, na kwa hilo ana haki.

Yale mabamba manne niliyoyaonea huruma yamepata kazi. Ili stensili ilale sawasawa, paneli inatakiwa izungukwe na kitu chenye unene ule ule. Mabamba ya oda ya kwanza ni 1.6 na paneli ni 1.6. Nimeyagandisha pande nne kwenye kipande cha plaiwudi, paneli inadumbukia katikati kama droo, haichezi. Hapo kwenye kupaka uji ndipo muda ulipookolewa kweli kweli: bodi 8 kwa mpako mmoja, dakika moja.

Paneli ya pili umeme ulikatika ikiwa jikoni, uji nusu umeyeyuka nusu bado. Nikaiacha ikapoa, umeme uliporudi nikaipasha upya toka mwanzo, zote nane zinafanya kazi. Sikutegemea.

Jumamosi, 29 Machi

Hapa ndio pa kusoma taratibu.

Paneli tatu, bodi 24. Faida ambayo sikuifikiria ni kwamba unaweza kuzipima zikiwa bado zimeungana, maana kila moja ina saketi yake peke yake. Nimepima zote 24 kwa mita na betri, 24 nzima. Nikazivunja kwa mkono, unashika huku na huku unakunja, kak!, ukingo unabaki na vinyuzi vyeupe, unapitisha tupa. Raha kabisa, kama kuvunja chokoleti.

Nikapima tena ili niziandike namba. Ya tano, mita inalia piii. Shoti. Ya tisa, shoti. Mwisho nimepata mbovu 6, na zilikuwa nzima nusu saa iliyopita.

Nilihangaika usiku mzima. Nikalaumu risasi, nikalaumu mosfeti (ndiyo swichi inayokata umeme), nikabandua mosfeti mbili, shoti ipo pale pale. Nikabandua kapasita ya mwanzo, ile ya kauri ya 10µF saizi 1206, shoti ikaondoka. Bodi zote sita, kapasita ile ile.

Asubuhi nimekwenda Ngamiani kwa fundi saa mmoja mzee anayekaa barazani, nikamwomba ile lenzi ya jichoni. Akaitazama yeye kwanza. "Hii imepasuka, mwanangu," akasema, akanipa. Kweli. Pembeni kabisa pale kauri inapokutana na kichwa cha rangi ya fedha kuna mstari mwembamba kuliko unywele, umekwenda mshazari kuingia chini. Kwa macho matupu huoni kitu.

Ni hivi: kauri haikunjiki. Unapoikunja bodi ili ivunjike, bodi inajipinda kabla ya kuvunjika, na vitu vilivyo karibu na mstari vinavutwa huku na huku. Mimi kapasita nilikuwa nimeiweka milimita 1.2 tu kutoka ukingoni, na imelala kuelekea mstari, kichwa kimoja karibu kingine mbali, yaani mvuto wote unapita katikati ya mwili wake. Ningeilaza sambamba na mstari vichwa vyote viwili vingevutwa pamoja, na ningeirudisha ndani isingevutwa sana. Bodi ya moja moja haikuwahi kunionyesha hili kwa sababu haikuwa inavunjwa.

Paneli mbili zilizobaki nimezijaribu hivi: nimechomelea kila kitu isipokuwa kapasita ile, nikavunja, halafu kapasita nikaichomelea kwa pasi mwishoni. Bodi 16, mbovu sifuri. Basi mchawi ni uvunjaji. Zile sita nimezibadilisha kapasita, zimepona, lakini zile 18 zilizopita kipimo nazo siziamini, ufa mdogo unaweza kukaa kimya mpaka joto na unyevu wa baharini uumalize. Nimebadilisha zote 24. Kapasita 24 na jioni mbili za siku za mwisho za mfungo.

Jumamosi, 12 Aprili

Kesho mwezi mpevu, kwa hiyo wavuvi wa dagaa wako nchi kavu, taa haivuti kitu kukiwa na mbalamwezi. Nimetumia nafasi kushuka Sahare na bodi 40. Nahodha mmoja kaishika, kaigeuza, akaniuliza mbona pembeni ina manyoya. Nimerudi nyumbani nikaongeza tupa kwenye ratiba.

Fundi wa taa kasema sawa, ongeza mia, na kwa taa kubwa anataka kijibodi cha duara chenye vitaa vitatu vya kuonyesha kiwango cha betri, kiingie ndani ya bomba la PVC. Kipenyo milimita 40.

V-kati inakwenda mstari mnyoofu toka ukingo mpaka ukingo, duara haiwezi. Duara inakatwa na biti inayozunguka, yangu inaacha nafasi ya milimita 2 kila upande, na unabakiza vidaraja vyenye matundu madogo ya 0.5 yaliyopangwa mstari, ndio yale wanayoita meno ya panya, kama kitu kilichotafunwa. Duara nne kwa paneli: 40 na 2 na 40, nafasi ya 2 kila upande, reli 5 na 5, jumla 96. Inaingia kwenye mia.

Nilitaka kuchanganya duara na mstatili kwenye paneli moja ili nilipie mara moja. Nikaweka kwenye kikokotoo cha bei, michoro miwili tofauti kwenye paneli moja wanaongeza pesa, na pia idadi hailingani, mstatili nataka nyingi duara chache, ningebaki na duara za kuchezea bao. Nimetenganisha.

Mabadiliko ya mstatili: kapasita imeingia ndani milimita 6 na imelala sambamba na mstari. Kwa kuwa imehama, stensili ya zamani haifai tena. 20,000 nyingine. Hiyo iliniuma kuliko zote, na ndio sababu nawaambia vunjeni paneli moja tupu ya majaribio kabla hamjanunua stensili.

Gharama: mstatili paneli 15 kwa 48,000, duara paneli 10 kwa 26,000, stensili 20,000, usafiri 76,000, basi 5,000. Jumla 175,000. Mradi wote mpaka hapa 344,000, vitu vya kuchomelea sijahesabu.

Alhamisi, 8 Mei

Zimefika, mvua inanyesha, bahasha nimeivalisha mfuko wa nailoni ndani ya shati. Kuchomelea kumekwenda vizuri kwa siku tatu, sina cha kusimulia.

Duara nimekosea mara mbili. Vidaraja niliweka viwili tu kwa kila duara, vimetazamana, kwa hiyo inacheza kama bembea ukiigusa, moja imevunjika mkononi nilipokuwa nafuta vumbi. Vitatu ndio sahihi. Na matundu niliyaweka sawasawa juu ya mstari wa duara, kwa hiyo ukivunja yanabaki meno nje, na duara ya 40 inakuwa 40 na kidogo, kwenye bomba haiingii. Nimepiga msasa zote 39, barakoa imevaliwa, shuka zilikuwa ndani. Safari ijayo matundu yanaingia ndani ya bodi robo milimita, KiKit ina sehemu yake inaitwa offset, hapo meno yanabaki kwenye kishimo hayatokezi.

Jumapili, 11 Mei

Uvunjaji wa mstatili, sasa kwa kifaa. Nilijaribu koleo kwanza, linang'ata kona. Nimekwenda kwa fundi wa madirisha ya aluminiamu nikanunua vipande vinne vya pembe, 6,000, nimevipigilia kwenye mbao mbili. Paneli unaibana kati ya pembe mbili mstari wa V ukiwa ukingoni kabisa, ubao wa pili unabana upande mwingine wote kwa pamoja, unashusha. Haijipindi kama mkononi, nguvu yote inaishia kwenye mfereji. Naanza na mstari wa katikati, napata safu mbili za nne, halafu reli, halafu moja moja.

Nimevunja paneli 13, bodi 104. Kabla ya kuvunja ilikuwa mbovu 1, risasi imeruka miguu ya mosfeti, nikaifuta. Baada ya kuvunja, mbovu sifuri. Nimechukua 10 bila kuchagua nikaenda nazo kwa fundi saa, katazama kapasita zote kumi akiwa anakunywa kahawa, hajaona ufa. Hakutaka pesa, kataka nimtengenezee redio.

Muda: bodi 104 kuanzia kupaka uji mpaka kupiga tupa ni jioni nne. Kwa mtindo wa zamani zingekuwa usiku kumi.

Kesho mwezi mpevu tena, nashuka Sahare na mia. Paneli mbili zimebaki nzima na vitu vyake juu, nimezifunga gazeti nikaziweka kabatini bila kuzivunja, zikiwa hivi hazipotei na hazichubuki. Redio ya mzee nimeifungua, ina kutu mpaka kwenye spika.